Mlango wa Lamu Una Sheria, Land Rover ya Garissa Haina

Barua ya wazi kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi Barabarani (NTSA), na kwa Serikali ya Kaunti ya Garissa

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka Iftin, mjini Garissa, kwa heshima ya nyadhifa zenu na kwa uchungu ambao sitauficha. Katika nyua za mji huu, na za Wajir na Mandera, chini ya miarobaini, yamesimama magari ambayo babu alinunua, baba akaendesha, na sasa yamo mikononi mwa wajukuu wasiojua wayafanyie nini. Nazungumzia hasa Land Rover za miaka ya 1950, 1960 na 1970. Hazina daftari la serikali linalozitambua kama urithi, na siku ya kuuzwa huuzwa kwa kilo. Ninachosema ni hiki: katika nchi hii ya wafugaji, gari lilifanya kazi ambayo kwingine ilifanywa na reli, likabeba kumbukumbu ambayo kwingine hubebwa na majengo. Ninyi mnaolinda reli na majengo hamna sababu ya kuliacha likatwe vipande.

1. Pale Nairobi kuna Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Ndani yake limehifadhiwa behewa namba 12, lile ambamo ofisa wa polisi Charles Ryall alinyakuliwa na simba katika stesheni ya Kima mwaka 1900. Behewa hilo limevuka karne nzima kwa sababu kuna mtu aliyeamua kwamba chombo cha safari nacho ni historia. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, nami nauunga mkono. Lakini reli ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901, na haikugeuza uso kutazama ng'ambo ya Tana. Aliyetaka kwenda Wajir alikwenda na ngamia, na baadaye na lori au Land Rover. Ikiwa historia ya usafiri wa Kenya inahifadhiwa kwa kufuata reli tu, basi robo nzima ya nchi imeandikwa kama watu ambao hawakuwahi kusafiri.

Land Rover ilizinduliwa Amsterdam mwezi Aprili 1948. Chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, kwa hiyo waundaji wakatumia aloi ya alumini kwa bodi na kuacha chuma kwa chesisi. Chombo hicho cha kuziba pengo la wakati wa dhiki ndicho kilichokuja kufaa huku kwetu kuliko kingine chochote cha enzi yake: chepesi, chenye gia za nguvu, na kinachofunguka kwa spana mpaka skrubu ya mwisho. Mkuu wa wilaya alikuwa nayo, polisi walikuwa nayo, kisha wafanyabiashara na wazee wa koo wakawa nayo. Na hapo ndipo hadithi yetu inapoanza, maana Land Rover ya mtu binafsi katika Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini haikuwa anasa ya mtu mmoja. Ilikuwa ambulensi ya mama aliyeshikwa na uchungu usiku, ikawa gari la sukari na majani ya chai, gari la bibi harusi, gari la maiti, na gari la watoto wa bweni shule zinapofunguliwa. Kuanzia Desemba 1963, sheria za hali ya hatari zilipotangazwa, hadi zilipofutwa mwaka 1991, safari yenyewe katika eneo hili ilikuwa jambo la kuombewa ruhusa, la kukaguliwa, na mara nyingi la kusubiri msafara wenye ulinzi. Gari lililopita katika miaka hiyo yote na bado lipo ni shahidi.

Dunia inakumbuka Land Rover moja ya upande huu. Tarehe 20 Agosti 1989, George Adamson, mzee wa simba, aliuawa kule Kora, juu ya mto Tana, akiwa ndani ya Land Rover yake akikimbilia kumwokoa mgeni aliyevamiwa na majambazi. Kifo hicho kimeandikwa katika vitabu vingi, na ni haki kiandikwe. Lakini mto ni uleule, vumbi ni lilelile na gari ni la aina ileile iliyokuwa ikivusha wagonjwa wetu kwenda hospitali miaka hiyohiyo. Tofauti ni kwamba la kwetu halikuandikwa. Na lisipoandikwa wala kuhifadhiwa, mjukuu atakayezaliwa Garissa mwaka 2040 atajua gari la Adamson na hatajua la babu yake.

2. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inahesabu umri wa vitu kwa namna inayotutupa nje tangu mlangoni. Kwa mujibu wake, kitu cha kale kinachohamishika ni kile kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895, yaani mwaka ambao Waingereza walitangaza himaya yao hapa. Karl Benz alipata hataza ya gari lake la mafuta mwaka 1886, na magari yalianza kuonekana katika nchi hii baada ya 1900. Maana yake ni kwamba hakuna gari hata moja nchini, hata likitunzwa miaka 500, litakaloweza kuitwa kitu cha kale kwa tafsiri hiyo. Sidhani kwamba waliotunga sheria walikusudia hivyo. Walikuwa wakifikiria vyungu, shanga na magofu.

Lakini sheria hiyohiyo ina dirisha, na ndilo ninalowaomba mlifungue. Inatambua kundi la vitu vinavyolindwa, na cha kwanza kutajwa humo ni fremu ya mlango iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki kabla ya mwaka 1946. Angalia mwaka huo: 1946, si 1895. Mtungaji wa sheria alikubali kwamba mlango wa Lamu au wa Mombasa hauhitaji kuwa na umri wa magofu ya Gedi ili ustahili ulinzi, kwa sababu thamani yake imo katika mkono ulioufanya na nyumba iliyoufungua na kuufunga. Baada ya milango, kifungu kinampa Waziri uwezo wa kutangaza katika Gazeti Rasmi la Serikali kitu chochote, au aina yoyote ya kitu, ambacho kina maslahi ya kihistoria au kiutamaduni. Kwa hiyo hatuhitaji Bunge, wala mswada. Tunahitaji Makumbusho ya Taifa yapendekeze na Waziri atie saini. Mswahili wa pwani alionyesha hadhi ya nyumba yake kwa mlango. Mfugaji wa Kisomali ambaye nyumba yake ilikuwa aqal, inayofumuliwa na kupakiwa juu ya ngamia, hakuwa na mlango wa kuchonga. Ukitafuta kitu cha fundi, cha gharama, kilichokaa katika familia vizazi vitatu na kilichojulikana na kijiji kizima kwa jina la mwenyewe, katika nchi yetu utakikuta kimeegeshwa uani.

3. Adui wa kwanza wa magari haya ni mirathi isiyo na njia, na hili naomba mlisikilize kwa makini kwa sababu halionekani kutoka Nairobi. Sisi hurithi kwa sharia, na Katiba katika kifungu cha 170 inaipa Mahakama ya Kadhi mamlaka juu ya jambo hilo. Chukua mfano wa kawaida: mtu amefariki akaacha mke mmoja, wana watatu wa kiume na mabinti wawili. Mke ana thumni, yaani sehemu 8 katika 64. Kila mwana wa kiume ana 14 na kila binti ana 7. Hesabu ni safi, haina doa. Mbuzi watagawika, duka litagawika kwa kodi yake, lakini Land Rover moja haigawiki mara 64. Mwana mmoja akifa kabla ya logibuku kubadilishwa jina, zile sehemu zake 14 nazo zinaanza kugawanywa, na kizazi cha tatu kikifika, gari lina wenyewe thelathini walioenea kutoka Garissa hadi Minneapolis, huku karatasi ikiwa bado na jina la marehemu. Hapo mtu wa vyuma chakavu akisimama langoni na pesa taslimu, yeye ndiye anayetoa jibu rahisi kuliko yote: pesa hugawika.

Na uchungu umo katika chuma chenyewe. Ile alumini iliyoliokoa gari na kutu kwa miaka 60 ndiyo inayolimaliza, kwa kuwa alumini huyeyushwa ikawa sufuria. Mlango wa Land Rover huenda kwanza, kisha mabawa ya mbele, kisha bodi ya nyuma, na chesisi hubaki kama mifupa ya ngamia kando ya barabara. Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 inamtaka mfanyabiashara awe na leseni na aweke kumbukumbu za anachonunua. Mwezi Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara hiyo nchi nzima kwa miezi kadhaa, ili kunusuru nguzo za umeme na reli. Ikiwa dola iliweza kuifunga biashara yote kwa ajili ya nguzo, haiwezi kushindwa kumwambia mnunuzi asikate gari lililozidi miaka 40 kabla ya kutoa taarifa na kusubiri siku 30.

Dini yetu ina njia ya kutoka katika fundo hili, nayo ni wakfu. Wapo watakaosema wakfu ni wa ardhi na misikiti tu. Si kweli. Inajulikana katika mapokezi kwamba Khalid bin Walid aliweka deraya na silaha zake wakfu, na wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yetu, wanaukubali wakfu wa kitu kinachohamishika mradi manufaa yake yanapatikana na chenyewe kinabaki. Kenya ina Sheria ya Wakfu ya mwaka 2022. Warithi wanaokubaliana wanaweza kuziweka sehemu zao wakfu, wakamteua msimamizi, na gari likabaki la ukoo bila mtu kudhulumiwa. Kinachokosekana ni upande wa NTSA: fomu inayokubali kuandika kwamba gari hili ni la wakfu na msimamizi wake ni fulani. Bila mstari huo mmoja, kila kilichofanywa mbele ya kadhi hakimsaidii kijana anayesimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani na gari lenye jina la babu aliyekufa. Katika kaunti yetu, mnajua vizuri, kusimama kizuizini na karatasi zisizolingana si jambo dogo.

4. Sasa nazungumza na NTSA peke yao. Rasimu ya kanuni za ukaguzi iliyopelekwa kwa wananchi mwaka 2025 inataka magari ya binafsi yaliyozidi miaka minne yakaguliwe. Siupingi ukaguzi. Barabara zetu zimeua vya kutosha, na gari bovu halifanywi zima na sifa za babu. Ninachopinga ni kupima gari la 1965 kwa rula ya gari la 2018. Land Rover ya enzi hiyo ina breki za drum magurudumu yote manne, haikutoka kiwandani na mikanda ya usalama, na mfumo wake wa gia una vijiti viwili vidogo vyenye vichwa vya rangi, cha njano cha kushirikisha magurudumu ya mbele na chekundu cha kushusha gia. Mkaguzi asiyevijua vitu hivi ataandika kwamba gari limeshindwa, na familia itaelewa kwamba serikali imetoa hukumu ya kifo. Uingereza huliacha nje ya ukaguzi wa kila mwaka gari lililotimiza miaka 40 na ambalo halikubadilishwa kwa kiasi kikubwa. Ujerumani hutoa namba maalumu yenye herufi H kwa gari la miaka 30. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoanzishwa mwaka 1966, nalo hutumia kipimo cha miaka 30, likitaka pia gari liwe katika hali yake ya kihistoria na lisiwe la matumizi ya kila siku. Tungeni daraja letu: gari la urithi, ukaguzi wa breki, usukani na taa kwa kipimo cha gari hilo, siku chache za barabarani kwa mwaka, na namba yake ya zamani ibaki nalo, kwa maana namba iliyotangulia mfululizo wa KAA ni sehemu ya ushahidi.

Mtaniambia kwamba daraja hilo litakuwa mwanya kwa walaghai, hasa katika kaunti ya mpakani. Hofu hiyo ina msingi, nami siidharau. Lakini mwanya huo unazibika kwa masharti: namba ya chesisi ilingane na kumbukumbu za usajili wa Kenya, gari liwe limekaa katika familia moja kwa miaka isiyopungua 25, na lisibebe biashara. Mlaghai hatafuti gari la masharti hayo.

5. Zipo pingamizi nyingine, na ningekuwa nawakosea kama ningezipita kimya. Kubwa kuliko zote ni ile inayosema kwamba Garissa ina kiu na njaa, na watu waliopoteza mifugo katika ukame wa 2020 hadi 2023 hawana haja ya kuhifadhi magari. Jibu langu ni kwamba karibu kila ninachoomba ni saini na fomu, si bajeti ya visima. Na watu waliopoteza mifugo yao ndio wanaoelewa kuliko wengine maana ya kupoteza kila kilichosalia cha wazee wao. Umaskini haujawahi kumfanya mtu asiwe na haki ya historia.

Wengine watasema Land Rover ni alama ya dola iliyotutesa, ya operesheni za Garissa mwaka 1980 na za Wagalla, Wajir, Februari 1984. Wanaosema hivyo wana majeraha, na siwezi kuwapuuza. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya mwaka 2013 imeyaweka mateso hayo katika maandishi ya taifa. Lakini hapo ndipo penye sababu ya kuhifadhi gari la raia. Tukiyaacha ya familia yayeyushwe, chombo hiki kitabaki katika kumbukumbu kwa sura moja tu, sura ya askari. Lile lililobeba wagonjwa na maiti litatoweka, na pamoja nalo ushahidi kwamba watu wa hapa walijipangia maisha yao wenyewe katika miaka ile.

Kisha kuna hoja ya mafundi, ambayo naipenda zaidi ya zote: kwamba gari lililobadilishwa injini, springi, difu na radieta si lile tena. Mwenye kusema hivyo na aende Lamu aangalie jahazi kwenye ukarabati. Ubao huondolewa, ubao hutiwa, na nahodha haambiwi kwamba chombo chake kimekufa. Kinachotakiwa ni daftari: kipande gani kilibadilishwa, lini, na fundi gani. Kwa hali ya hewa tumebarikiwa kuliko Uingereza yenyewe. Chesisi ya Land Rover huoza kutoka ndani mahali penye unyevu, ilhali hapa hewa ni kavu na chesisi hudumu. Kinachoteseka ni mpira unaopasuka, waya zinazovuliwa ngozi na jua, na viti. Pale alumini inapogusana na chuma, chini ya kofia za ribiti, hutokea unga mweupe kama chokaa; fundi mzee akipitisha kidole hapo, anajua gari limebakiza miaka mingapi kabla ya bodi kuachana na fremu. Ujuzi huo nao hauna daftari, na wenye nao wanazeeka.

6. Basi maombi yangu ni haya. Makumbusho ya Taifa yampelekee Waziri pendekezo la kutangaza magari ya familia ya Kaskazini Mashariki yaliyosajiliwa kabla ya mwaka 1980 kuwa aina ya kitu kinacholindwa. NTSA watunge daraja la gari la urithi na waikubali hati ya wakfu au ya kadhi yenye jina la msimamizi. Serikali ya Kaunti, ambayo kwa Jedwali la Nne la Katiba ndiyo yenye jukumu la makumbusho ya ngazi ya kaunti, ianze na jambo dogo kuliko yote: kuyahesabu. Watumeni vijana wenye kamera na daftari katika Iftin, Galbet, Waberi na Township, waandike namba ya chesisi, namba ya usajili, jina la ukoo, na masimulizi ya wazee kuhusu safari za gari hilo. Mafundi wazee walipwe wafundishe vijana wa vyuo vya ufundi. Nairobi ina maonyesho yake ya magari ya Concours tangu mwaka 1970, na nchi ina mbio za Safari za magari ya kale tangu 2003. Arusha ilikusanya zaidi ya Land Rover elfu moja mwezi Oktoba 2024, zikafurika barabarani kwa fahari. Garissa haiombi sherehe kubwa kiasi hicho. Uwanja mmoja wenye kivuli, siku moja kwa mwaka, utatosha kwa kuanzia.

Kazi ya kuhesabu naomba ianze kabla ya mvua za vuli, yaani deyr. Mafuriko ya Novemba 2023 na yale ya Aprili na Mei 2024 yaliingia katika mitaa ya kando ya Tana, na gari lisiloweza kujiendesha haliwezi kukimbia maji. Nawaomba pia majibu yenu yatolewe hadharani, katika baraza hapa Garissa, ili warithi wenyewe wayasikie kabla mnunuzi wa vyuma hajabisha hodi tena.

Wenu kwa heshima,

Mkazi wa Iftin, Garissa